Shajara ya mradi: kumsaka muuzaji wa kuaminika wa mitambo ya muziki Dar es Salaam

11 Januari 2025: Ninachotaka, na fedha nilizonazo

Baba amenikabidhi santuri zake. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 za bendi zetu za miaka ya sabini, zilizotolewa na makampuni ya Nairobi. Chache ni za 78 zilizotoka kwa babu. Nataka zisikike kama zinavyostahili: gitaa la solo lisikike mbali na la rithimu, besi isigeuke ngurumo, na mwimbaji awe katikati ya chumba.

Chumba chenyewe ni sebule ya Tabata, mita nne kwa tano, vigae chini, kuta za tofali. Fedha ni Sh 6,500,000 kwa vitu vitatu: jozi ya spika, amplifaya na pleya ya santuri. Sabufa sihitaji.

Habari za vifaa zimejaa kila mahali. Kisichopatikana kirahisi ni jibu la swali jingine: hela hii nimpe nani hapa mjini? Kwa hiyo shajara hii inahusu muuzaji kuliko vifaa. Ukurasa wa kwanza wa daftari nimeandika ya kumuuliza kila atakayetaka hela yangu. Je, nitasikiliza kwa muziki wangu kabla ya kulipa? Je, namba ya kifaa, ile iliyochapwa nyuma yake, itaandikwa kwenye risiti? Kikiharibika, nani atakifungua? Na yeye alikinunua kwa nani?

25 Januari: Kariakoo

Kwa wasioijua Kariakoo: kabla hujalifikia duka utamfikia winga. Winga hana duka. Anakudaka barabarani, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka kwa mwenye mali, na malipo yake yanaongezwa kwenye bei yako. "Dada'ngu, duka letu hili hapa, njoo nikupe bei ya asubuhi." Nilimfuata mmoja, na duka halikuwa lao. Sina neno naye, ile ndiyo kazi yake, lakini swali langu la nne lilifia mlangoni. Anayekuuzia hajui mzigo umetoka wapi.

Ndani kulikuwa na spika ndefu zenye taa za rangi, mbele zimeandikwa wati 15,000 PMPO. Nikaomba zigeuzwe. Kibati cha nyuma kilisema volti 220–240, hezi 50, wati 95. Spika yenye amplifaya ndani haiwezi kutoa kwa mfululizo umeme mwingi kuliko inaokula ukutani, kwa hiyo kibati ndicho cha kusomwa. PMPO, yaani nguvu ya kilele anayojitajia mtengenezaji, haina kipimo kinachokubaliwa na viwanda vyote. Kila mmoja anaandika anachotaka. Tafuta wati za RMS, yaani zinazotoka kwa mfululizo, tena zikiwa zimetajwa pamoja na omu, kipimo cha ukinzani wa spika, mathalani wati 70 kwa omu 8.

Duka jingine lilikuwa na amplifaya ya chapa kubwa ya Kijapani, boksi safi, bei nusu ya bei ya Ulaya. Muuzaji alikataa kufungua boksi mpaka nilipie: "Mpya boksini haifunguliwi." Nikamwomba basi tulipime boksi lenyewe. Jirani yake anauza nafaka, ana mzani. Tovuti ya kiwanda inasema amplifaya ile peke yake ina kilo 10 na ushee. Mzani ulisoma kilo 6 na robo, pamoja na boksi. Kinacholeta uzito kwenye amplifaya ya aina ile ni transfoma na kipoza joto, na vitu hivyo viwili ndivyo anavyoanza kuvibania mtengenezaji wa feki. Muuzaji aliniambia hilo ni toleo jipya jepesi. Nikamshukuru nikatoka.

Hata hivyo Kariakoo imenifaa. Waya wa shaba wa spika, plagi na jeki nilizonunua siku ile, Sh 85,000 zote, ni nzuri na bado zinatumika. Kitu kinachoonekana chote kwa macho nunua pale bila wasiwasi. Kitu ambacho thamani yake iko ndani ya kasha, hapana, mpaka ulijue duka.

1 Machi: Kujaribu kuagiza mwenyewe kutoka Uingereza

Njia hii ina mantiki yake. Umeme wao ni volti 230, hezi 50, kama wetu, na plagi ni ile ile ya miguu mitatu ya bapa. Mitumba ya Japani ni mizuri lakini mingi ni ya volti 100. Wauzaji wa hapa hukupa na transfoma ya kushusha hadi 110, na watu huona tatizo limekwisha. Halijakwisha. Transfoma ya 230 kwenda 110 ikilishwa volti 245, na kwangu alfajiri umeme hufika hapo, inatoa 117. Kifaa cha 100 kinaishi na ziada ya asilimia 17 siku zote, na kapasita zake ndizo zinazoumia. Ukitaka cha Japani, tafuta transfoma inayotoa 100 kamili.

Mdogo wangu anaishi Leicester. Alinunua amplifaya ya Kiingereza ya mtumba, wati 70 kila upande, kwa pauni 240, sawa na Sh 775,000 hivi. Muuzaji alituma video, pande zote mbili zinaimba. Ikafungwa kwenye kartoni, ikaingia kwenye mzigo wa pamoja wa wakala anayekusanya vitu vya Watanzania. Usafiri na forodha vikawa Sh 210,000.

Ilifika upande wa kushoto ukiwa bubu na kasha limeinama chini ya transfoma. Kartoni ile ilikuwa na nguo pembeni lakini chini hakuna kitu, na uzito wote wa amplifaya uko kwenye transfoma. Muuzaji wa kule alijibu kwa adabu kwamba wajibu wake uliishia mzigo ulipotoka dukani kwake ukiwa mzima. Kisheria sina hoja naye. Ndiyo shida ya njia hii: hata muuzaji akiwa mwaminifu, uaminifu wake unakoma mlangoni pake, na baada ya hapo uko peke yako na wakala wa mzigo ambaye anachojua ni kilo tu.

Kingine kuhusu mizigo ya pamoja. Ushuru unakokotolewa juu ya thamani ya CIF, yaani bei, bima na usafiri, kisha VAT ya asilimia 18 inakuja juu ya jumla ya hivyo na ushuru. Wakala wa mzigo anakutajia bei moja iliyomeza vyote na hupati karatasi. Omba nakala ya hati ya forodha inayokuhusu kabla hujakabidhi kitu. Wengine wanatoa, wengine wanakasirika, na hapo umeshapata jibu.

22 Machi: Fundi wa kwanza

Amplifaya niliipeleka kwa fundi redio mmoja aliyesifiwa mtaani. Alisema transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, za upande wa kushoto zimekufa, akaweka mpya, Sh 120,000. Sikupewa za zamani wala karatasi. Iliimba jioni moja. Usiku wa pili koni ya spika ya majaribio, ya bei rahisi iliyokuwa ikitumika kwa kazi hiyo tu, ilisukumwa mbele ikaganda pale, moshi ukatoka. Umeme wa DC, yaani wa mkondo mmoja kama wa betri, ulikuwa umevuka transista na kwenda moja kwa moja kwenye koili ya spika. Spika hiyo ilikuwa ya Sh 60,000. Ingekuwa spika ninazozitafuta, mradi ungeishia hapa.

Anayefuata njia hii asiunganishe amplifaya iliyotoka kwa fundi na spika za maana kabla hajapima. Weka multimita kwenye DC, gusa vichwa vya spika vya amplifaya bila spika, sauti ikiwa chini kabisa. Chini ya milivolti 50 ni salama. Yangu nilipoipima baadaye ilisoma volti 31.

12 Aprili: Mzee wa Magomeni

Baada ya hapo nilibadilisha watu wa kuwauliza. Badala ya kuuliza duka gani ni zuri, nilianza kuwauliza wale ambao kifaa kikifa wanakosa mkate: mtu wa mitambo wa bendi moja ya dansi, kijana anayefunga vipaza sauti misikitini, na mama anayekodisha muziki wa harusi. Hawafahamiani, na wote walitaja karakana ile ile ya Magomeni, isiyo na kibao nje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Weka hapo. Usiwashe."

Hakuniuliza imefanya nini. Aliifungua kwanza. Akaichomeka kwenye kibao chake chenye balbu ya wati 60 ya mtindo wa zamani iliyounganishwa kabla ya amplifaya: kukiwa na shoti ndani, balbu inawaka kwa nguvu na kubeba umeme wote, kifaa kinasalimika. Balbu iliwaka kwa nguvu. Akazima.

Kisha akaniita nisogee. Alizing'oa transista mbili zilizowekwa na fundi wa kwanza, zimeandikwa 2SC5200 na 2SA1943, namba za Toshiba zinazojulikana na kila fundi wa amplifaya, na kwa sababu hiyo hiyo ndizo zinazoghushiwa sana. Alilowesha pamba kwa asetoni akasugua maandishi ya ile ya kwanza. Yalitoka, yakabaki meusi kwenye pamba. Akachukua ya kwake kutoka kwenye kopo, akasugua vivyo hivyo, maandishi hayakutikisika. Halafu akaibana ile feki kwa koleo mpaka plastiki ikapasuka na kufichua kipande cha silikoni kilichomo ndani. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Akafungua droo akatoa ya kweli iliyopasuliwa zamani, aliyoiweka kwa ajili ya kuwaonyesha watu, na silikoni yake ilikuwa karibu sawa na ukucha wa kidole changu cha mwisho. "Hii inaambiwa ibebe ampea 15," alisema akinyoosha koleo kwenye ile ndogo. "Itabebea wapi?"

Transista zake huagiza kwa wasambazaji wanaotambuliwa na viwanda, kama Mouser na Farnell, na ana ankara zake kwenye faili. Aliniandikia hesabu kabla ya kazi: ukaguzi Sh 30,000, matengenezo Sh 185,000, humo zikiwamo transista za pande zote mbili, kwa kuwa hapendi kushoto na kulia viwe na umri tofauti, pamoja na vipinga viwili vilivyoungua na kunyoosha kasha. Nilipochukua amplifaya nilikuta vilivyotolewa vyote kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira, na karatasi yenye milivolti alizopima: kushoto 11, kulia 8. Nilipima tena nyumbani nikapata karibu hayo hayo.

Nikagundua pia kwamba mzee huyu anauza. Rafu za nyuma zimejaa vifaa alivyovihudumia, kila kimoja na kikaratasi cha tarehe na kazi iliyofanyika. Lakini fundi mzuri si lazima awe muuzaji mzuri, kwa hiyo sikutaka kuruka hatua.

3 Mei: Duka la vioo

Kwa ajili ya kulinganisha nilikwenda kwenye duka la kifahari, lenye kiyoyozi, makochi na skrini ya ukuta mzima. Wanapokea vizuri. Nilikaribishwa kahawa na kuonyeshwa filamu yenye helikopta inayozunguka chumba. Nilipotoa muziki wangu, dansi ya Mlimani Park na taarabu ya Culture Musical Club, nikaambiwa mfumo umewekewa muziki maalumu wa maonyesho. Muziki wa maonyesho umechaguliwa kwa kuwa unasikika vizuri kwenye kila kitu. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, na fidla zilizorekodiwa Zanzibar ndizo zitakazokuambia kama tweta, kile kispika cha sauti nyembamba, inakwaruza.

Spika nilizotaka hazikuwepo, zingeagizwa. Bei ilitajwa kwa dola, ilhali kanuni za serikali zilizoanza kutumika mwaka huu wa 2025 zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni. Walitaka asilimia 60 mapema, kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ankara ya awali haikuwa na TIN, namba ya mlipa kodi. Nilitafuta jina la kampuni kwenye mfumo wa BRELA, wanaosajili makampuni, na lililofanana nalo limesajiliwa kwa shughuli nyingine kabisa. Nikakiandikia kiwanda cha spika moja kwa moja, nikitaja jiji na jina la duka. Walijibu ndani ya siku chache: duka hilo si wakala wao, na waranti ya kifaa hutolewa na msambazaji wa nchi kilikouzwa mara ya kwanza.

Sisemi wangeniuzia feki. Huenda ingekuwa mali halisi iliyopita mlango wa nyuma kutoka soko jingine. Lakini ikifa ndani ya mwaka, waranti iko nchi nyingine na hela iko kwenye simu ya mtu. Sikulipa. Barua pepe ile kwa kiwanda ni ya bure na ndiyo hatua ninayomshauri kila mtu aanze nayo, kabla hata ya kutoka nyumbani.

24 Mei: Masharti kwa maandishi

Nilirudi Magomeni na daftari langu, nikamsomea mzee maswali yote. Hakukasirika. La kwanza alilofanya ni kukataa kuniuzia nilichotaka.

Nilikuwa nimezipenda spika kubwa za kusimama sakafuni zilizokuwa kwenye rafu yake. Alikuja Tabata jioni, akasimama katikati ya sebule, akapiga makofi mara moja. Mlio ulirudi kutoka kwenye vigae kama wa chumba kitupu. "Hizi ukiziweka hapa besi itakufukuza," alisema. "Nunua mkeka mkubwa na mapazia mazito kwanza, halafu nitakutafutia ndogo." Mkeka na mapazia vilinigharimu Sh 365,000, vitu asivyouza yeye, na sauti ya chumba ilibadilika kabla ya spika yoyote kuingia.

Ndogo alizopendekeza ni KEF LS50 za toleo la kwanza, la 2012, lililotolewa kuadhimisha miaka 50 ya kampuni hiyo ya Kent. Tweta imekaa katikati ya wufa, koni ya sauti nene, kwa hiyo sauti zote zinatoka sehemu moja, na hilo linafaa chumba kidogo ambako unakaa karibu. Ubaya wake alinieleza bila kuuliza: usikivu wake ni desibeli 85 tu, yaani hazitoi sauti kubwa kwa wati chache, zinataka amplifaya yenye misuli, na besi ya chini kabisa hazina. Wati 70 za amplifaya yangu zinatosha kwa chumba kile, si kwa harusi.

Makubaliano yaliandikwa kwa mkono, nakala mbili. Nayanukuu karibu yote kwa anayetaka kuyatumia: *Jozi ya LS50 za mtumba, kutoka Uingereza, Sh 2,350,000. Malipo ya awali asilimia 30. Mnunuzi atasikiliza karakanani kwa santuri zake na kukaa nazo nyumbani siku tatu kabla ya kumalizia. Namba za spika zote mbili zitaandikwa kwenye risiti. Zikifika zina kasoro, mnunuzi atachagua kurudishiwa fedha au kusubiri nyingine. Muuzaji atatengeneza bila malipo miezi sita, isipokuwa zikiunguzwa.* Malipo yalikwenda kwenye Lipa Namba ya biashara, na jina lililotokea kwenye simu lilikuwa lile lile la kwenye leseni ukutani.

Niliomba pia kuongea na aliowauzia. Ana daftari la mauzo la miaka mingi, namba za vifaa zimepangwa kwa tarehe. Hakunipa namba za simu za watu hapo hapo. Alisema atawaomba ruhusa kwanza, nami nikamheshimu zaidi kwa hilo. Waliokubali walinipigia wenyewe. Mmoja, mwalimu wa Kibaha, alisema amplifaya yake ilirudi karakanani mara mbili na hakulipa kitu mara zote mbili. Hilo lilinipa habari kuliko sifa za wale ambao vifaa vyao havijawahi kusumbua.

28 Juni: Spika zimefika, na zinarudi

Mzee alipiga simu asubuhi. "Mwanangu, zimefika lakini sizipendi. Njoo uone kabla sijazirudisha."

Kwa macho yangu zilikuwa nzuri: nyeusi inayong'aa, koni ya rangi ya shaba, bila mkwaruzo. Tulizipima kwenye mzani wake, kila moja kilo 7.2 kama kiwanda kinavyosema. Lakini namba ya spika ya kulia haikulingana na iliyoko kwenye kartoni. Akapima omu kwenye vichwa vya nyuma, na kulia na kushoto zilitofautiana, kitu ambacho jozi moja haipaswi kukifanya. Kisha akacheza mlio mmoja mnene kutoka kwenye simu, akiupandisha taratibu kutoka chini. Kushoto ulipita laini. Kulia, mahali besi inapoanza kujaa, kulikuwa na mtetemo mdogo kama karatasi iliyoguswa na feni. Kwa muziki wa kawaida nisingeusikia siku hiyo. Ningeusikia kila siku baada ya kuujua.

Alieleza anachofikiri: spika mbili za jozi tofauti zimeunganishwa, na ya kulia imewahi kufunguliwa. Angeweza kunyamaza. Risiti ingetoka na namba mbili nisizojua maana yake, na siku tatu za nyumbani zingepita. Badala yake alinikumbusha kifungu cha kurudishiwa fedha na kunihesabia Sh 705,000 mezani nichague. Nilichagua kusubiri. Gharama ya kuzirudisha aliibeba yeye na aliyemuuzia, sikuhusishwa.

9 Agosti: Jozi ya pili

Namba zinalingana na kartoni, omu zinasoma sawa, mlio unapita pande zote bila mtetemo. Tulisikiliza karakanani hadi magharibi. Nilianza na dansi, kwa kuwa magitaa matatu yanayoongea kwa wakati mmoja ndiyo mtihani wa spika ninaouamini. Spika mbovu huyafanya kuwa gitaa moja nene. Hapa unaweza kuchagua moja ukalifuata mwanzo hadi mwisho wakati mengine yanaendelea pembeni yake, na tarumbeta zinapoingia hazisukumi mtu nje. Kwenye taarabu, milio ya nyuzi za kanuni ilipokoma haikuacha ukali, iliyeyuka.

Siku tatu nyumbani hazikuleta jipya isipokuwa umbali: sentimita 60 kutoka ukutani besi inakaa vizuri, 30 inavimba. Seremala alinitengenezea stendi za mninga, Sh 160,000, urefu wa kufikisha tweta kwenye sikio la aliyekaa.

Nilimalizia malipo, nikapewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, namba za spika zimeandikwa kwa kalamu na kupigwa mhuri. Wimbo wa TRA, mamlaka ya mapato, tunaujua sote, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, lakini chini ya risiti kuna namba ya uhakiki ambayo wengi hawaitumii. Niliiingiza kwenye tovuti ya TRA, ikaonyesha duka, tarehe na kiasi kile kile. Kama ungetaka kulalamika Tume ya Ushindani, FCC, karatasi hii ndiyo ushahidi wako wa kununua. Risiti ya kitabu cha dukani isiyo ya EFD haina namba hiyo ya kuhakiki.

6 Septemba: Pleya ya santuri

Hatua hii ilikwenda haraka. Audio-Technica AT-LP120XUSB, mpya, Sh 1,250,000, kupitia mzee huyo huyo kwa masharti yale yale. Inazunguka 33, 45 na 78, na umeme wake unapitia adapta ya nje, kwa hiyo suala la volti halipo. Boksi lilifunguliwa mbele yangu bila kuomba. Alinionyesha namna ya kupima uzito wa sindano kwenye santuri, gramu 2 kwa sindano hii, akanifanya nirudie mwenyewe mpaka mkono ukazoea.

Nimeongeza kilinda umeme cha Sh 95,000, kwa sababu Tabata jioni nimepima volti 208 na alfajiri 245 kwenye soketi ile ile.

20 Septemba: Hesabu na yaliyobaki

Amplifaya pamoja na usafiri, mafundi wote wawili na spika iliyoungua: Sh 1,380,000. Humo Sh 180,000 zimepotea moja kwa moja, za transista feki na spika ya majaribio. Spika 2,350,000. Pleya 1,250,000. Mkeka na mapazia 365,000, stendi 160,000, kilinda umeme 95,000, waya na jeki 85,000. Jumla Sh 5,685,000, chini ya bajeti. Muda ndio uliokwenda zaidi ya nilivyopanga, na sehemu yake kubwa ilikuwa kusubiri jozi ya pili, kusubiri ambako ningekurudia.

Sijaandika jina la karakana kwa kuwa mzee hakutaka. Ana kazi ya kumtosha na anafanya peke yake pamoja na kijana mmoja anayemfundisha. Kwa aliye Mwanza, Mombasa au Bujumbura njia ni ile ile: waulize wanaokula kwa vifaa hivyo, siyo wanaoviuza. Andikia kiwanda. Beba muziki wako na, ikibidi, tafuta mzani.

Zilizobaki ni santuri za babu. Mifereji ya 78 ni mipana, sindano ya kawaida inazama chini na kuchakura vumbi. Kwa kichwa kinachoshika sindano kwenye pleya hii kuna sindano ya 78 ya kubadilisha, na mzee ameshaiagiza. Ikifika nitaandika bei, na jinsi ya kuziosha santuri zile za zamani bila kutumia spiriti, kwa sababu spiriti inazila.